Wake Wenza wa Mholanzi wa Huangpu

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kutafuta nasaba nilivaa viatu vya visigino, na kabla ya adhuhuri nilikuwa natembea peku. Nilidhani naenda kukaa ofisini. Laoban, ndivyo tulivyomwita mkuu wetu kama wanavyoitwa wakubwa wote mjini Guangzhou, alinitazama juu mpaka chini, akachukua kofia yake, akanipeleka moja kwa moja kwenye kilima cha makaburi cha ukoo mmoja nje ya mji. Mvua ilikuwa imenyesha. Visigino vikazama, nikavivua.

"Ukoo unasomwa kwa miguu kwanza," aliniambia kwa Kikantoni, Kichina cha huku kusini. "Meza baadaye."

Nilikuwa nimekuja kutoka Tanga kumfuata mume wangu, aliyekuwa akinunua mikoba kule Shiling na kuipeleka Dar es Salaam. Alipofariki, Mungu amrehemu, wengi walitarajia nirudi nyumbani. Lakini nilikuwa nimekwisha kujua Kikantoni, kwa sababu mama mwenye nyumba wetu hakuzungumza lugha nyingine na alipenda sana kuzungumza. Laoban alihitaji mtu wa kukaa na wazee wa vijijini na pia kuwapokea wageni wa kwetu Afrika waliotafuta jamaa zao. Akaniajiri. Nyinyi vijana mnaoona watu wakitafuta mababu kwenye simu, niwaeleze tulivyokuwa tukifanya.

Sisi tulikuwa na mashahidi watatu. Wa kwanza ni karatasi: hati za zamani, na hasa jiapu, kitabu ambacho ukoo wa Kichina huandika majina ya wanaume wake kizazi baada ya kizazi. Wa pili ni jiwe, yaani kaburi. Wa tatu ni mdomo. Mahali ambapo mashahidi wote wamenyamaza tulipaita pengo, na kazi yetu ilikuwa kuziba mapengo. Siku hizi kuna shahidi wa nne, mate. Unatema ndani ya kichupa, maabara inakwambia nani ni nduguyo. Ni shahidi mzuri, ila akirudishwa nyuma vizazi vingi naye huanza kubabaika kama mzee yeyote.

Nilianzia kwenye kaunta ya tafsiri. Msimamizi wa nyaraka, mama mkali asiyeruhusu chai karibu na karatasi, alinifundisha kutoamini jina mpaka nilione mara mbili. Kisha nikahamishiwa vijijini, nikakaa huko miaka mingi. Nilikula na wazee, nikazoea kuitwa "dada mweusi" na watoto na "binti yangu" na bibi zao. Cheo cha mkuu wa utafiti kilipokuwa wazi, kila mtu ofisini aliniangalia mimi. Nami nilijiangalia.

Ndipo akaja Naliaka.

Alikuwa Mkenya, amesoma historia chuo kikuu hapo hapo Guangzhou, Kichina chake cha Mandarin, kile cha serikali, kimenyooka kama cha msoma habari. Alikuwa mdogo kwangu kiasi kwamba ningeweza kumzaa. Aliniita dada Sharifa, akanibebea mfuko, akaniuliza maswali na kuyasikiliza majibu. Laiti angekuwa na kiburi! Mtu mwenye kiburi unamchukia ukalala vizuri. Huyu alikuwa mwema, na alikuwa hodari, na Laoban, aliyependa kusimama dirishani na sigara yake, alipocheka mzaha wake mimi nilihesabu, maana mizaha yangu hakuwa akiicheka.

Wivu ni mdudu anayekula kimya. Nilimwona hata kwenye namna Naliaka alivyoshika kikombe.

Kisha akaja Bi Johanna. Alikuwa mjane kutoka mashamba ya mizabibu ya Rasi, kule Afrika Kusini, moyo wake mgonjwa na daktari wake hataki asafiri. Ukoo wake ulitokana na Mholanzi mmoja, Cornelis, mlowezi aliyepewa ardhi enzi Kampuni ya biashara ya Kiholanzi ilipoitawala Rasi na kuwanyang'anya wenyeji malisho yao. Huyo Cornelis, baada ya kupanda mizabibu na kuzaa watoto, alipanda meli kama seremala, safari moja tu ya kufuata chai na vyombo vya udongo hapa Guangzhou. Hakurudi. Mkewe alimwekea sahani mezani mpaka alipokufa yeye mwenyewe.

"Nataka kumpeleka nyumbani," alisema Bi Johanna. "Hata kama ni konzi ya udongo. Kabla sijafa."

Akatukunjulia mti wa ukoo wake, uliochorwa juu ya kitambaa. Majina yalishuka kutoka kwa Cornelis mpaka kwa wajukuu bila pengo hata moja. Mimi nikiulizwa nasaba yangu naishia kwa babu wa babu yangu, aliyefika Pangani amefungwa kamba na hakuna aliyeuliza aliitwa nani kwao. Nilikitazama kitambaa kile kama mwenye njaa anavyotazama pilau ya jirani. Mlowezi aliyechukua ardhi ya watu ana mti, mimi nina kisiki.

Nilijua kazi ile ni yangu. Enzi hizo meli za wageni zilikuwa zikitia nanga Huangpu, bandari ya mtoni, na ng'ambo yake, kisiwani Changzhou, kuna kilima cha makaburi yao. Nani alikuwa akikifahamu kisiwa kile kuliko mimi? Laoban akavuta sigara, akasema, "Naliaka ataongoza. Sharifa atasaidia."

Nilisema ndiyo, kisha nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi mpaka uso wangu uliporudi mahali pake.

Karatasi zilinyamaza. Orodha za meli zilimshusha Cornelis Huangpu akiwa mgonjwa, basi. Jiwe nalo lilisema nusu. Kilimani kulikuwa na kaburi moja lenye herufi zilizoliwa na mvua, zilizobaki zikisomeka kama mwisho wa jina lake. Mimi nilipendekeza turudi kwenye hati. Naliaka alikaa amejishika shavu, kisha akasema, "Lakini dada, si umeona hilo kaburi halina magugu? Yale mengine yote yamefunikwa. Nani analifagia? Tungoje Qingming."

Qingming ni siku za mwaka ambapo Wachina huenda kufagia makaburi ya wazee wao. Nilihisi kama nimepigwa kofi. Mimi, niliyekulia Tanga tukienda kuzuru makaburi kila Ramadhani ikikaribia, niliyepita kando ya kaburi lile mwaka baada ya mwaka! Wazo lilikuwa limekaa mlangoni kwangu, likaingia nyumba ya jirani.

"Laoban atapenda," nilisema. Alipenda.

Basi siku za Qingming tukapanda kilima, mimi, Naliaka na Bi Johanna aliyepumzika kila baada ya hatua chache. Na kweli, walikuja. Bibi mmoja wa Kikantoni, mgongo umepinda kidogo, na wanawe wawili waliobeba nyama ya nguruwe ya kuchoma, miwa na ubani. Wakaviweka mbele ya kaburi la Mholanzi.

Nilimsalimu kwa heshima, A-Po, yaani bibi, nikamuuliza huyu aliyelala ni nani kwake.

"Ni babu mwenye nywele nyekundu," akasema, kama mtu anayeulizwa jina la mlango wake. "Bibi yetu wa kale alikuwa mtu wa mashuani, aliyezaliwa na kuishi juu ya mto. Alimtoa mgonjwa melini, akamuuguza, akazaa naye. Sisi watu wa mashua hatukuwa na jiapu. Tunaambiana tu."

Nilimgeukia Naliaka nikamwambia kwa Kiswahili. Kiingereza changu ni cha kuuzia mikoba, na yeye Kikantoni hakijui, kwa hiyo maneno yote siku ile yalipitia Kiswahili: A-Po kwangu, mimi kwa Naliaka, Naliaka kwa Bi Johanna. Hatukuwa na njia nyingine ila kuaminiana.

Bi Johanna aligeuka mwekundu. "Mwambie huyu ni wetu," alisema. "Mwambie nimekuja kumchukua."

Naliaka alinitazama. "Dada, niseme hivyo hivyo?"

"Sema alivyosema," nikamjibu. "Sisi si wapishi wa maneno."

Nikamfikishia A-Po. Akasimama mbele ya jiwe, akatanua mikono. "Kumchukua? Vita vilipita hapa, njaa ilipita hapa, tulifagia. Nyinyi mlikuwa wapi?"

"Tulidhani amezama!" alilia Bi Johanna. "Mke wake alimwekea sahani mezani mpaka siku ya mwisho."

Nilipoyatamka maneno hayo kwa Kikantoni, mikono ya A-Po ilishuka.

"Mke?" akauliza. "Alikuwa na mke?"

"Na watoto," nikasema.

Wanawe walitazama chini. A-Po aliketi kwenye majani, pale pale, na nguo zake nzuri. "Tuliambiwa alikuwa hana mtu," alisema polepole. "Basi bibi yetu alikuwa mke mdogo."

Bi Johanna alipotafsiriwa maneno hayo, naye alitafuta pa kukaa. Akaketi upande wa pili wa kaburi. Hawakutazamana. Na mimi nikaona jambo ambalo hakuna chuo kilichonifundisha, maana nimelelewa ndani yake. Mama yangu alikuwa na mwenzake. Niliujua ule ukimya, na namna ile ya kugeuza bega.

"Naliaka," nikasema, "hawa ni wake wenza."

Akashtuka, kisha akaziba mdomo. "Ai, dada! Mwanaume amekufa zaidi ya miaka mia mbili!"

"Ndiyo. Mwambie wako, mimi namwambia wangu."

Tukawaambia. Nikaeleza kwamba kwetu wanawake wanaogawana mume huitwa hivyo, na kwamba wivu wao huwa mkubwa kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake hasemi uongo. A-Po alinikazia macho mpaka nikajuta kufungua kinywa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Bi Johanna naye akacheka huku anafuta machozi, Naliaka akampa dawa yake na maji.

Msidhani walikumbatiana. Bi Johanna aliomba ufagio. A-Po aliushika kwanza, akafikiri, kisha akamnyooshea.

"Afagie miguuni," aliniambia. "Kichwani ni pangu."

Bi Johanna akafagia miguuni. Hakuomba tena udongo. Wote wawili walitema mate kwenye vichupa, na maabara ikajibu kwamba vizazi ni vingi mno, haiwezi kukata shauri. Naliaka alipomsomea majibu kwa simu, Bi Johanna alisema tuandike jina la yule mwanamke wa mashuani kwenye kitambaa alichotuachia ofisini, kando ya Cornelis. Jina lake halikujulikana. Tukaandika "aliyemuuguza."

Laoban alimpa Naliaka cheo cha mkuu wa utafiti wiki hiyo hiyo. Aliniita dirishani akaniambia, "Wewe ulizuia kilima kisigeuke vita. Lakini yeye ndiye aliyeuliza nani anafagia." Alisema kweli, na ndiyo maana iliuma. Nikafanya kazi chini ya Naliaka mpaka nilipostaafu. Hakunidharau siku hata moja. Aliniuliza shauri, na mara nyingi alilifuata.

Sasa ninakaa na binti yangu huku huku Guangzhou. Vijana huniuliza wivu wa kazini unatibiwaje. Sijui. Mama yangu na mwenzake walizeeka pamoja, wakauguzana, na hadi mwisho kila mmoja alipima ukubwa wa kipande cha nyama cha mwenzake. Nadhani mtu anaweza kumpenda mwenzie na kumwonea wivu kwa moyo ule ule, mradi kazi isiharibike katikati.

Majuzi Naliaka alinipigia simu kwa furaha. Amempata A-Po mwingine huko kusini, karibu na Nansha, mwenye habari za pengo lililonishinda mimi kwa miaka mingi. Alitaka niwe wa kwanza kujua. Nilimwambia hongera mwanangu, Mungu akuzidishie, na nilimaanisha kila neno. Kisha nikaenda jikoni nikaosha kwa kelele masufuria yaliyokuwa safi.