Karatasi ya Msichana wa Mkono wa Kushoto

"Msiandike majina," niliwaambia wanafunzi wa kidato cha pili. "Hakuna mtu wa shule hii atakayesoma majibu yenu."

Nilikuwa mwalimu niliyerudi chuoni kusomea shahada ya pili, nikitafiti kwa nini wanafunzi huchukia hisabati. Shule ilikuwa upande wa Gilgil, nami nilikaa mtaa wa Section 58, safari ya gari kutoka hapo. Mvua ilikuwa inatishia. Kwa haraka ya kuwahi gari, niliacha bahasha ya hojaji ofisini kwa mwalimu mkuu, bila hata kuibandika gundi.

Tulipofika Kikopey, njiani, nilikumbuka kwamba bahasha iko wazi. Nilitaka kushuka nirudi. Sikushuka.

Asubuhi nilimkuta msichana mmoja nje ya ofisi, macho mekundu. Ndani, mwalimu mkuu alikuwa na karatasi mkononi.

"Huyu ameandika kwamba mwalimu wa hisabati huwaita wajinga. Anaandika kwa mkono wa kushoto, huo mwandiko naujua. Nimemwita mzazi."

"Lakini mwalimu, niliwaahidi."

"Uliahidi ndani ya shule yangu?"

Nilimwambia kosa ni langu, adhabu isimwendee mtoto. Akasema, "Basi mweleze mamake."

Mama alifika saa nne kutoka shamba la maua, buti zimejaa matope. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kuketi kulinishinda. Nilimwonyesha fomu ya idhini aliyokuwa ametia sahihi, ile iliyosema siri itahifadhiwa.

"Hii sikuisoma," alisema. "Niliweka sahihi kwa sababu wewe ni mwalimu. Karatasi ya mtoto wangu iko wapi?"

Mwalimu mkuu akampa. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kisha akamgeukia mwalimu mkuu.

"Na ni ukweli? Huwa anawaita wajinga?"

Mwalimu mkuu akatazama dirishani. Mama akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Msichana alirudi darasani bila adhabu. Alinipita mlangoni bila kuniamkia.

Nilipompigia simu msimamizi wangu wa utafiti, aliniambia niharibu majibu yote ya shule ile nianze kwingine. Nilianza upya Naivasha, bahasha nikiikumbatia hata msalani.

Nilihitimu. Lakini hadi leo, nikiwa katikati ya kusahihisha madaftari, hujikuta nimesimama ghafla, nikijiuliza kama mwalimu yule wa hisabati aliambiwa ni nani aliyeandika. Mara mbili nimepanga kwenda kuuliza. Mara zote mbili nimeogopa kwamba kuuliza kwenyewe kutamwambia.