Michezo Elfu Kumi Kasoro Mmoja

Gunga alikuwa fundi wa redio pale Garsen, na kazi hiyo ina kejeli yake: kutwa unasikiliza dunia nzima ikisema, na hakuna hata mmoja humo anayekuuliza umeamkaje. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, wanawe wako Mombasa. Mbele ya kibanda chake, kwenye kivuli cha bati, zamani palikuwa na mashimo ya bao. Mafuriko yaliyafukia kwa tope, naye hakuyachimba tena.

Mashimo yale yalikuwa yake na Dukicha, mfugaji wa Kiorma. Kila siku ya mnada Dukicha alikuja na fimbo yake, wakacheza kwa kete za mbegu za komwe na kutaniana mpaka maduka yafungwe. Kisha siku moja, kabla ya mvua zile za mwaka tisini na saba, Dukicha alitia kete mbili shimo moja, akaliruka lililofuata. Gunga alikuwa anashindwa, na anayeshindwa hakosi la kusema.

"Mwizi wewe!" akapaaza sauti, watu wakageuka. "Sasa nimejua hata hao ng'ombe uliwapataje."

Mwambie Muorma lolote, ila hilo usimwambie. Dukicha alifungua viganja vyake viwili, akamwonyesha kuwa havina kitu, akachukua fimbo yake akaenda.

Mvua zikaja, ng'ombe wa Dukicha wakafa, naye akahamia Hola kwa nduguye. Gunga alizisikia habari. Kila wiki alisema wiki ijayo atakwenda kumpa pole. Aibu ikichelewa hugeuka mzigo, na mzigo wake ulitimiza mwaka, kisha ukaelekea wa pili.

Ndipo mteja mmoja alipomwachia gemu ya mkononi, ile ya kupanga matofali yanayoanguka, asirudi kuichukua. Juu yake palikuwa na namba kubwa: michezo 9999. Gunga, mtu mzima na akili zake, aliiamini namba ile. Alipiga hesabu akaona kwamba akicheza mmoja kwa siku, michezo itamfikisha miaka ishirini na saba, na kufikia hapo atakuwa na themanini, hahitaji tena mtu wa kucheza naye. Alifurahi, maskini. Siku ya kumi na mbili mchezo wa kwanza ukamrudia, matofali yaleyale, ila yanaanguka mbio zaidi.

Alikasirika kama aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji. Lakini hakuacha. Kila mchuuzi aliyeshusha gemu kutoka Mombasa alisimamishwa. Gunga akazifungua kwa bisibisi, akabonyeza kila kitufe mara mia, akatega sikio. Nyingi zilikuwa takataka. Chache zilikuwa zimetengenezwa na mtu mwenye haya, na hizo alizijua, hata watu wakawa wanamuuliza kabla ya kununua. Ila hata zilizo nzuri zilikuwa na kasoro moja. Ukishinda hazinuni, ukishindwa hazikucheki. Gunga alikuwa na hamu ya kuchekwa.

Asubuhi moja binti mmoja wa Kiorma alisimama kibandani.

"Mzee, wamesema wewe najua gemu mzuri. Nataka ile iko na sauti kubwa. Ni ya baba. Macho yake imekwisha."

"Baba yako nani, mwanangu?"

"Dukicha. Mimi Bishara, tunakaa Hola."

Bisibisi ilisimama mkononi mwa Gunga. Aliuliza polepole macho yale yalianza lini kuharibika.

"Zamani, kabla ya mafuriko. Alikuwa anaficha. Hata ng'ombe alikuwa anahesabu kwa kugusa. Sasa anakaa tu, hana mtu."

Kete mbili shimo moja. Gunga alielewa, akaona uchungu na haya vikimpanda kwa pamoja. Alitazama gemu zote zilizokuwa mezani.

"Hapa hakuna inayomfaa," alisema. "Nipe wiki mbili. Nitaleta mwenyewe."

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mtumbwi wa marehemu baba yake, uliopasuliwa na mafuriko. Aliukata kipande cha kutosha mapajani, akachonga bao. La kwanza mashimo yalikuwa ya kina kifupi, kete zikaruka nje. La pili lilikuwa na kingo za kuchoma vidole. La tatu alilisugua siku nne, kisha akafumba macho akacheza peke yake, pande zote mbili, mpaka mkono wake ulipoacha kukosea.

Huko Hola alimkuta Dukicha ameketi kando ya ukuta, amekonda. Kabla ya salamu, alimwekea bao mapajani. Dukicha alilipapasa, akayapitia mashimo kwa kidole gumba, moja moja, mpaka mwisho.

"Fundi," alisema.

"Ni mimi. Nilimwita mwizi mtu asiyeona. Nisamehe, Dukicha."

"Cheza," Dukicha alisema.

Walicheza. Vidole vya Dukicha havikuruka shimo hata moja, na Gunga alikuwa anashindwa. Lakini kila alipomaliza zamu yake, kabla ya kumwachia mwenzake, Dukicha alifungua viganja vyake viwili na kuvinyoosha mbele, vitupu.

"Acha hivyo, ndugu yangu," Gunga alimwomba, machozi yakimdondoka.

"Hesabu kete kwanza," Dukicha alisema.

Waliendelea hadi alasiri, na kila zamu alivifungua.