Nilimsemea Mama kwa Daktari, Nikauharibu Mkono Wake

Ndugu msomaji, kosa ni langu. Simsingizii daktari, simsingizii korona, na shetani nimwache apumzike, ana yake ya kutosha. Mkono wa kulia wa mama yangu nimeuharibu mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa nimekaa kwenye kochi.

Jina langu msilitafute. Sisi ni Warundi, tumekulia kambini Tanzania, na sasa tunaishi Smithfield hapa Sydney. Waswahili wa huku tunajuana mno. Ukipiga chafya mtaa wa Villawood, Jumapili kanisani wanakuuliza kama umepona.

Mama alikuwa msusi. Jumamosi sebule yetu ilijaa wanawake na binti zao, wengine wakitoka mbali, Campbelltown, kwa treni ili tu wakae chini kati ya magoti yake. Kiingereza hakukijua, gari hakuliendesha, lakini mkono ule, jamani! Ulimpa heshima kuliko wengi wenye vyeti.

Lakini kulikuwa na jambo tulilolificha. Vita vilimwachia mama sauti kichwani. Kambini alikuwa akijibizana na watu wasiokuwepo, na kwenye foleni ya bomba la maji watoto waliniita "mtoto wa kichaa". Jina hilo halikunitoka. Tulipofika Australia daktari mmoja akampa vidonge, sauti zikanyamaza, mama akawa mama tena. Vile vidonge nikavihamishia kwenye kopo la Milo, nikaliweka juu ya kabati. Nikaapa hakuna mtu atakayejua.

Miaka ikapita. Ikaja korona na lockdown, amri ya kutotoka nje, ile kali ya upande wetu, polisi barabarani na helikopta juu ya mapaa. Wateja hawakuweza kuja, kwa hiyo mama alinisuka mimi tu. Siku moja nimekaa sakafuni, nikahisi vidole vyake vinatetemeka utosini mwangu.

"Mama, una baridi?"

"Mkono tu huu. Una siku nyingi unacheza wenyewe."

Nikageuka. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikisuguana kama anayepukuchua mahindi. Nikamwambia ni uchovu. Mimi! Mimi ninayefanya kazi ya kutunza wazee, ninayeona mikono ya namna hiyo kila zamu! Nikampaka mafuta ya mkaratusi, nikamwambia apumzike.

Mkono haukutulia. Akaanza kumwaga chai. Nikatafuta daktari, ila si yule wa vidonge. Nilitaka mgeni asiyejua habari zetu, nikampata, naye akatupeleka kwa bingwa wa mishipa ya fahamu. Siku zile kila kitu kilikuwa kwa simu. Dada wa mapokezi akauliza kama tunahitaji mkalimani: "Do you need an interpreter?"

Nikamrukia, nitamsemea mimi: "No, no, I'll speak for her."

Mkalimani pekee wa Kiswahili niliyemfahamu ni mama mmoja wa kwaya yetu. Nilimwona kwa mawazo akikata simu ya daktari na kupiga nyingine ishirini. Ningekufa!

Bingwa akaingia kwenye simu, mtu mpole. Hauoni mkono, anategemea maneno yangu tu. Akauliza ulianza lini, unatetemeka akiwa amepumzika au akishika kitu, usingizini unatulia? Nikajibu vizuri kabisa. Kisha akauliza kuhusu dawa nyingine, hata za akili, za sasa au za zamani:

"Any other tablets? Anything for mood, mental health, now or in the past?"

Mama alikuwa ubavuni kwangu, mkono unacheza mapajani. Kopo la Milo nililiona kutoka pale nilipokaa.

"No," nikasema. "Nothing."

Ndilo hilo, ndugu yangu. Neno moja!

Akasema huenda ni ule ugonjwa wa kutetemeka wa wazee, akamwandikia dawa ya kujaribu mpaka atakapoweza kumwona ana kwa ana. Basi mama akawa anameza za kutetemeka asubuhi na za kopo jioni, na aliyempa zote ni mimi. Mkono haukupona. Vidole vikaanza kujikunja na kujinyonga. Kisha, Mungu wangu, sauti zikarudi! Nikamkuta jikoni anagombana na kaka yake aliyekufa vitani.

Na hapo pia sikusema! Nikafunga mapazia. Bingwa alipotaka kumwona nikaahirisha, tena na tena. Walioulizia kusukwa niliwaambia mama anajikinga na korona. Korona ilinifaa sana, ilinipa kisingizio kisichohojiwa. Tukaenda hivyo miezi, mpaka mama alipotoka peku barabarani akipiga kelele, na majirani wakaita ambulensi.

Hospitali hawakuniuliza mimi. Nesi aliweka simu kitandani, ikatoka sauti ya mwanaume: "Shikamoo, mama. Mimi ni mkalimani. Niko Perth, hatufahamiani, na tutakayozungumza hapa sitamwambia mtu."

"Marahaba, baba," mama akajibu, akaanza kulia.

Perth! Upande wa pili wa nchi! Nilikuwa namwogopa mtu asiyekuwepo, kama mama na sauti zake. Mama akaeleza yote mwenyewe: vita, kambi, sauti, kopo la Milo. Kwa mtu wa Perth!

Daktari akanieleza polepole. Vidonge vya kutuliza sauti, kwa baadhi ya watu, huufanya mkono utetemeke, na vikikaa mwilini miaka mingi vidole vinaweza kujinyonga. Na ile dawa ya kutetemeka ndiyo huenda iliziamsha sauti.

"If we'd known early, we could have changed her tablets, slowly," akasema, yaani tungesema mapema wangevibadili vidonge polepole, na mikono mingi hutulia. "A lot of hands settle down after that."

"And now?"

"Now I don't think it will." Yaani wa mama hautatulia tena.

Wamembadilishia dawa. Wamemchoma sindano za kulegeza misuli ya mkono, vidole vikafunguka kidogo, baada ya miezi vikajifunga tena. Kuacha dawa za sauti kabisa hawezi. Ugali anakula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na mbele ya wageni hali. Wale wanawake niliowaogopa walikuja na masufuria ya chakula, na hakuna aliyecheka. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nikiwaambia wengine.

Juzi nilimpigia magoti. "Mama, nisamehe. Daktari aliniuliza, nikamdanganya."

"Nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Ulisema no, macho yako yakiwa kwenye kopo. Neno hilo nalijua, mwanangu. Ndilo la kwanza kujifunza huku."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Akauficha mkono chini ya kanga. "Nilijua unaona aibu kwa ajili yangu. Nikasema, acha mkono uende, nisikuaibishe tena kama kule bombani."

Nililia, lakini kulia hakukufungua hata kidole kimoja.

Nywele alizokuwa akinisuka nimezinyoa. Mama alipouliza kwa nini, nilimwambia ni joto.

Enyi mnaowasemea wazazi wenu kwa madaktari, nawasihi! Takeni mkalimani, na kama mnamwogopa wa mtaani, ombeni wa mbali, wapo. Tajeni kila kidonge, hata kile cha aibu, hasa kile cha aibu. Msikiache ghafla wala msiongeze kingine bila daktari kujua. Na swali likija ukaona ulimi unakuwa mzito, mpe mama simu ajisemee mwenyewe.