Kila Jumatano humsugua nongo aliyemtia jela

Saa tatu asubuhi, Jumatano. Kwenye bafu la umma la wanawake mjini Gunsan, Pyo Geumsun anaimwagia meza yake ndoo ya maji ya moto, anavaa glavu ya kitambaa cha kukwaruza na kupaza sauti.

"Namba kumi na saba! Toka humo kabla hujaiva!"

"Subiri, we! Magoti haya yana miaka sabini na saba," anajibu bibi mmoja akijikongoja kutoka kwenye bwawa la maji moto.

Geumsun, 59, ni msugua nongo kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Mteja huloweka mwili, hulala mezani bila nguo, naye humsugua mpaka ngozi iliyokufa itoke. Hapotezi maneno. Akitaka mteja ageuke, humgonga mgongoni mara mbili kwa kiganja. Kwa kila mtu hupata won elfu ishirini na tano. Mwandishi wa habari hii naye alilazwa hapo, akaonyeshwa nongo yake mwenyewe ilivyotoka, na hatasema zaidi.

Bibi wa namba kumi na saba ni Tak Jeongim. Ushahidi wake ndio uliompeleka Geumsun jela miezi minane.

Yalitokea miaka tisa iliyopita. Mama Tak alitoka kuoga, akasema bangili yake ya dhahabu haimo kabatini. Funguo za akiba alikuwa nazo Geumsun. Mahakamani Mama Tak aliapa kwamba alimwona akifungua kabati lake, na hakimu akamwamini. Kanisa ambamo wote wawili husali hadi leo likamvua Geumsun ushemasi.

"Usiku wa kwanza nilimuuliza Mungu, 'Mimi tena?'" anasimulia saa sita, akila wali na supu ya mwani nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo. Anacheka, kisha anaacha kucheka. "Mwezi mzima nilikuwa nagombana naye. Wa pili nikachoka. Nikamwambia, haya, kama umeruhusu, basi nishike nisioze moyo. Alinishika kweli. Ila usingizi hakunipa."

Alipotoka, mwenye bafu alimrudisha kazini. Wateja walirudi mmoja mmoja, wakiwa wameacha vito nyumbani.

Miaka miwili iliyopita, mke wa mtoto wa Mama Tak alikunjua mfarishi wa harusi uliokaa kabatini nyumbani kwao miaka mingi, ili wageni wa sikukuu ya mavuno wajifunike. Bangili ikaanguka sakafuni. Mama Tak alikuwa ameificha humo mwenyewe, akasahau. Mkwe huyo alivumilia wiki mbili, kisha akaja bafuni akamwambia Geumsun huku analia.

Mama Tak mwenyewe hakusema kitu. Jumatano iliyofuata alikuja kuoga, akalala kwenye meza ya Geumsun, na tangu hapo hajakosa. Kila akiondoka huacha chupa ya maziwa ya ndizi ukingoni mwa meza.

"Nimekunywa maziwa ya ndizi miaka miwili," anasema Geumsun. "Jina langu halimo ndani ya chupa."

Jina analolitaka liko kwenye kumbukumbu za mahakama, na limeandikwa mwizi. Wakili wa msaada wa kisheria amemweleza kwamba ili kesi isikilizwe upya, maelezo ya Mama Tak yenye sahihi yangesaidia kuliko kitu kingine chochote. Daktari naye amemwambia mkwe kwamba akili ya bibi imeanza kupotea.

Wenzake kanisani wanamhurumia kwa namna yao. "Dada Pyo, yaache, ni mapenzi ya Mungu," humwambia.

"Mungu hakusema bangili nimechukua mimi," huwajibu. "Aliyesema ni Mama Tak."

Kwa nini asimwombe maelezo hayo pale pale mezani? Geumsun anamtazama mwandishi kana kwamba ametukana.

"Mtu yuko uchi, kalala kifudifudi, mimi nimesimama juu yake? Atakubali chochote. Hiyo nayo ni dhuluma. Nangoja avae."

Amengoja na kumwomba mara mbili. Mwezi uliopita Mama Tak alianza kutafuta soksi ambazo alikuwa amekwisha kuzivaa. Juma lililopita alisema nywele hazijakauka. Leo Geumsun hakumwuliza. Alimsaidia kufunga vifungo vya koti, na bibi akamshika mkono kwa muda mrefu. Inauma kutazama.

"Bwana naye Gethsemane aliomba mara tatu," anasema Geumsun, akisuuza bakuli lake. "Nimebakiza moja. Jumatano ijayo, akishavaa, namwomba ya mwisho."

Na akikataa?

Huko ndani mteja anauliza kwa sauti kama meza iko wazi.

"Basi nitakufa na jina hilo, na nitamsugua mpaka mmoja wetu aondoke duniani. Nimeshamwambia Mungu sawa," anasema, akichukua glavu. "Mama Tak asije akadhani sawa hiyo nimemwambia yeye."