Jiwe Lisivue Lami

Ézéchiel alikaa, akainuka, akakaa tena. Pipa la lami lilikuwa halijachemka, na mawingu yalikuwa yamekwisha kulala upande wa Bogoro. Mkewe, Honorine, alikuwa amekwama mjini Aru tangu vita ilipofunga barabara. Ndege ndogo ingeweza kumrudisha Bunia, lakini rubani alikataa kutua mpaka shimo lililokuwa katikati ya uwanja lizibwe. Kazi hiyo akaachiwa Ézéchiel, mpishi wa lami tangu ujana wake.

Lami peke yake haishiki jiwe lenye maji. Mvua ikipiga, jiwe huvua koti lake jeusi likabaki uchi. Ndiyo maana baba yake, aliyepika lami zamani za Wabelgiji, aliichanganya na unga wa chokaa. Baadaye mainjinia walijaribu utomvu wa mpira, lami ikavutika kama ugali wa muhogo. Kisha yakaja madebe ya dawa ya Ulaya iliyonuka samaki waliooza. Siku hizo Honorine alimwogesha uani kabla ya kumfungulia mlango. Vita ikafunga kampuni ya barabara, madebe yakaisha, na Ézéchiel akarudia dawa ya baba yake: mfuko mmoja wa chokaa, aliouficha chini ya kitanda.

Alikuwa akiufungua pale uwanjani alipofika Émilienne, muuguzi wa kambi ya wakimbizi iliyokuwa jirani.

"Papa Ézéchiel, ile chokaa unipe. Kolera imeingia kambini, na vyoo yote imejaa."

"Na shimo yangu nitaiweka nini? Machozi?"

"Weye unapikia mawe. Mimi niko na watoto wa watu."

"Na mimi niko na bibi yangu kule Aru, mama! Shimo isipozibwa, atarudia wapi?"

Émilienne aliketi juu ya tofali, viatu vyake vimejaa tope la kambini, akangoja. Heri angemtukana. Ézéchiel alizunguka pipa, akazunguka tena, kisha akajichotea bakuli moja la chokaa na kuusukuma mfuko miguuni pa Émilienne.

"Beba, kabla roho yangu haijageuka."

Kwa kuwa chokaa ilikuwa kidogo, alikaanga mawe juu ya bati mpaka yakaacha kutoa mvuke. Akachanganya, kisha akatumbukiza jiwe moja lenye lami katika sufuria ya maji yanayochemka, kama alivyofundishwa na baba yake. Lilitoka na doa jeupe.

"Iko na kipara sawa yako, muzee," alicheka Hubert, mwenzake wa koleo.

"Nyamaza, ongeza kuni!"

Wakakaanga upya. Jiwe la pili likatoka jeusi, ila ukingoni. Wakajaza shimo, wakashindilia, na mvua ikanyesha usiku kucha.

Asubuhi ndege ilitua, gurudumu likapita juu ya kiraka. Abiria walipoanza kushuka, Ézéchiel alikuwa amekwisha kupiga magoti pale, akipapasa.

"Nimetoka Aru na roho mukononi," sauti ya Honorine ilimjia kwa nyuma, "na weye unasalimia gudron, hii lami yako?"

Akageuka. Kiganjani alikuwa na kokoto moja lililong'oka, jeupe kama jino.

"Imeshika," alisema, akiinuka kupokea mzigo wa mkewe. "Kwa leo imeshika."

Walipopita kando ya kambi, vyoo vilikuwa vyeupe kwa chokaa iliyonyunyizwa. Ézéchiel alikaza mwendo, akitazama mawingu ya Bogoro.