Mkasi wa Mama Ulivyong'arishwa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Msasa, naye hakuona ubaya. Alinunua mikasi ya kushonea iliyochoka na nyundo zilizopoteza mipini, akaloweka, akasugua, akanoa, akauza. Alijisifu bila haya: "Mkasi ukitoka kwangu haumkumbuki mwenyewe wa kwanza!"

Tangu mkewe afariki, aliyezungumza naye nyumbani ni redio, na hiyo nayo ikimuudhi aliizima. Binti yao, fundi cherehani kama mama yake, hakukanyaga pale kwa miaka miwili. Kisa ni nguo za marehemu, alizozigawa baba mtu siku ya pili ya msiba, eti anapunguza uchungu.

Ndipo simu ikaja. "Baba, mkasi wa mama bado upo? Jumamosi nitaufuata. Huenda nikalala."

Huenda! Mzee alitandika kitanda siku nne kabla.

Kisha akautoa mkasi. Ulikuwa umeliwa na kutu, na ukingo wa tundu la kidole gumba ulizungushiwa vitambaa vilivyogeuka kuwa vyeusi kwa jasho. Akavichana kwa kisu kama alivyozoea. Chini ya weusi zikatokea rangi: waridi, buluu, kijani. Hakujiuliza. Akavitupa motoni pamoja na matambara ya kufutia mafuta, akaendelea kunoa huku akipiga mluzi.

Jumamosi binti alifika, akasalimia vizuri, akauchukua mkasi, akaingiza kidole gumba. Kikapwaya.

"Baba, vile vitambaa viko wapi?"

"Vilikuwa vichafu, mwanangu. Nimevichoma. Hebu jaribu, unakata hata hariri!"

Binti aliketi. "Kila gauni alilonishonea mama, alifunga kipande chake hapo. Tangu nikiwa mchanga. Hukujua?"

Mzee aligeuka kutazama majivu ya jikoni.

"Nguo zake ulizigawa kabla sijafika. Na sasa, vitambaa hivi."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza mzee zaidi. Alikunywa chai nusu kikombe, akasema basi la jioni linamfaa. Mkasi aliubeba, kwa heshima tu.

Fundi Msasa alibaki mlangoni, mikono inanuka mafuta ya taa. Miaka thelathini na mmoja alimwona mkewe akifunga vile vitambaa, hapo hapo mezani, na hata siku moja hakumuuliza ni vya nini.