Bamba la Shaba la Yaya

Rafiki yangu, ukifika Lubumbashi uliza duka langu, hata mtoto atakuonyesha. Natengeneza kompyuta, simu, mashine za fotokopi, na jenereta ikigoma naifungua mwenyewe kwa mikono hii. Shule niliiacha darasa la tano. Leo wenye diploma wanafanya kazi kwangu na wananiita patron. Sisemi hivi kwa kujisifu tu, ingawa kujisifu najisifu, sikatai. Nasema ili ujue kwamba si kawaida yangu kukosa jibu mteja akiniuliza kitu.

Basi majuzi nilikosa.

Aliingia mama mmoja na binti yake mgongoni, binti mkubwa wa kutosha kutembea, ila miguu ilikuwa imekaza na mikono inacheza yenyewe hewani. Mtindio wa ubongo, siku hizi jina lake linajulikana. Kwapani mama alibana kibodi ya kompyuta. Akaniambia: "Papa, mutoto akili iko. Lakini akigusa kitufe moja, tatu inaitika. Munaweza kufanya kitu?"

Kabla hajamaliza nilishachukua kalamu. Nikamchorea bamba la kufunika kibodi, na juu ya kila kitufe shimo lake. Mkono unalala juu ya bamba, unatulia, halafu kidole kimoja tu kinashuka. Mama akautazama mchoro, akanitazama mimi. "Mulijifunza wapi hii, papa?"

Vijana wangu waligeuka wote, maana wanajua swali hilo nalipenda. Ukutani kwangu kuna koleo dogo ndani ya kioo. Kila anayeingia namsimulia: nikiwa na miaka kumi nilitengeneza basi la waya, injinia wa kampuni akaliona, akanipa koleo lile kwa mkono wake, na ndio mwanzo wa yote haya. Ni hadithi ya kweli. Ila huwa naianzia katikati. Siku ile sikuisimulia. Nilimwambia mama arudi Ijumaa, nikaingia nyuma ya duka, nikakaa.

Wewe nitakusimulia kutoka mwanzo.

Tulikaa kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, nyumba za matofali zilizopangwa mstari, zote sawa, kiasi kwamba mlevi aliweza kulala kwa jirani bila kujua. King'ora kilitupangia siku: kuamka, kuingia kazini, kutoka. Moshi wa bomba kubwa ukigeukia upande wetu, kikohozi kilipita nyumba hadi nyumba, na wanawake waliharakisha kuanua nguo. Jumamosi asubuhi watu wote walitoka na majembe kufanya salongo, kufyeka nyasi na kuzibua mifereji, na kiongozi wa kambi alipita akiita kila mtu citoyen, yaani raia. Mchana ulinuka makala ya kupikia, sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu. Samaki huyo mama alimnunua Kasenga na kuja kumuuza. Alikuwa safarini zaidi kuliko nyumbani, na sisi tulilelewa na mama yake baba, tukimwita kambo.

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alinizidi miaka miwili. Alikuwa hivi kama binti wa yule mama. Alikaa kwenye mkeka barazani, mgongo ukiegemea ukuta, na sauti yake ilitoka lakini maneno hayakutoka. Watu walimsalimia kwa sauti kubwa kama kiziwi. Kila asubuhi kambo alimnywesha chai, na kila asubuhi yaya alilia na kugeuza kichwa. Kambo alisema mtoto huyu ana kiburi cha chai.

Baba alikuwa tarishi katika ofisi za kampuni. Ofisi ilipotupa mashine moja ya kuandika, kuukuu, isiyo na kifuniko, aliomba apewe, akaileta kichwani. Yaya alipoiona alipiga kelele ya furaha ambayo hatujawahi kuisikia. Kumbe herufi alizijua. Mimi nilizisoma kwa sauti barazani kila siku, kazi ya nyumbani, nazikosea, naye pale ukutani anazishika. Lakini mkono wake ulipoanguka kwenye mashine, vyuma vitano viliruka pamoja, vikakwama.

Jirani yetu wa mkono wa kushoto alikuwa fundi katika karakana ya kampuni. Mtu wa maneno machache. Alikuja, akachuchumaa mbele ya yaya, akautazama mkono wake jinsi unavyokwenda, muda mrefu, kama anatazama mashine yenye hitilafu ndogo. Akapima vitufe kwa uzi. Wiki hiyo alitoka kazini na kipande cha bamba la shaba ndani ya shati. Ujue, kutoka na shaba ya kampuni, hata kama ilikuwa imetupwa, ni kufukuzwa kazi, na kufukuzwa kazi ni kutolewa nyumba. Alitoboa mashimo ishirini na sita, na mwanya mrefu chini. Kila shimo alilipiga tupa, kisha akalipitisha shavuni mwake kuona kama linakwaruza. Akaliwekea miguu minne, akalisimamisha juu ya vitufe.

Yaya alilaza kiganja. Kikatulia. Kidole kikatafuta, kikaingia. Ilimchukua mpaka king'ora cha jioni kuandika maneno matatu. Baba akayasoma: *chai ni moto*.

Kambo alikaa chini palepale. "Miaka yote hii," alisema, "miaka yote hii nilikuwa naunguza kinywa ya mutoto." Tangu siku hiyo alipoza chai ya yaya kwa kuimimina kikombe hadi kikombe, mara nyingi, na yaya aliinywa yote.

Watu wakaanza kuja kuona. Nyumba ikajaa wageni, na wote walikuja kwa ajili ya yaya. Hata masere mmoja, mtawa aliyefundisha shule ya wasichana, alisikia. Akamwambia baba kwamba atakuja Jumatatu baada ya sikukuu ya chama. Kama mtoto anaweza kujibu maswali kwa mashine, atampokea darasani kwake.

Na mimi je? Mimi nilikuwa na magari ya waya. Watoto wote wa kambi walitengeneza, waya kutoka kwenye jaa na uzio, magurudumu kutoka kwenye makopo, usukani mrefu wa kusukumia ukiwa umesimama. Siku ya sikukuu kulikuwa na mashindano uwanjani, mbele ya wakubwa. Langu lilikuwa la mabati ya makopo ya samaki. Kijana mmoja wa avenue ya pili alinicheka mbele ya wote: "Gari yako iko ya sardini! Bapaka batakuya kuilamba!" Wakacheka hadi wakashikana mabega. Nilirudi nyumbani masikio yanawaka.

Pale barazani bamba lilikuwa linang'aa juani. Mstari wa juu, ambao kwenye mashine za Kifaransa huanza na A, una mashimo kumi, ya duara, sawasawa. Sikuona herufi. Niliona madirisha ya basi.

Ijumaa mchana, yaya akiwa amelala, nililichukua. Nilijiambia jirani ni fundi, atatoboa lingine kabla ya Jumatatu, kwake ni kazi ya kukaa kidogo. Nilikwenda nyuma ya kichuguu kikubwa nikalikata. Mstari wa juu ukawa ubavu wa basi. Sehemu nyingine nikaikunja, ikawa pua na paa. Nakuambia ukweli, lilikuwa basi zuri. Hata leo, kwa vyombo vyote nilivyo navyo, sijui kama ningeweza kukunja pua ile vizuri zaidi.

Jumamosi, watu wakirudi kutoka salongo, kambo aliuliza: "Kile chuma ya mutoto iko wapi?"

Hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko kukata. Uongo ulinitoka bila hata kuutafuta, nikawasingizia walinzi wa kampuni. "Bagarde ba kampuni balipita," nilisema. "Balibeba. Baliuliza shaba ilitoka wapi."

Baba alishusha jembe polepole. "Bagarde? Hapa kwetu? Na ulibaambia nini?"

"Sikusema kitu, baba."

Alikwenda kwa jirani bila kunawa udongo. Nilisikia mlango wa kule ukifungwa. Baadaye kidogo nilimwona jirani akitoka uani na mfuko mdogo, akaenda chooni, akarudi bila mfuko. Alitupa vipande vyote vya shaba alivyokuwa navyo, na keekee yake ya kutobolea. Siku mbili zote hakutoka nje. Baba alipomwomba afanye lingine, hata la bati, alijibu kwa dirisha: "Citoyen, mie niko na batoto sita."

Jumapili nililisukuma basi langu uwanjani. Baba alikuwa mbali, kwenye kundi la wafanyakazi waliokuwa wakiimba na kucheza kwa ajili ya chama. Kambo macho yake yalishaanza ukungu. Jirani alikuwa amejifungia. Wageni waliokuja kwetu walimtazama yaya, si bamba. Mtu pekee aliyelijua bamba lile na aliyekuwa na macho ya kuona alikuwa mgongoni mwa kambo.

Injinia alisimama, akainama, akauliza nani ametengeneza. Watu wakapiga makofi. Wakati huo kambo alinisogelea amshushe yaya karibu, aone kazi ya mdogo wake. Yaya alilitazama basi. Mkono wake ukaanza ile safari yake ya hewani, ukapotea, ukarudi, kisha kiganja kikalala ubavuni mwa basi na kutulia. Kidole kikaingia dirisha la kwanza, nyuma ya dereva. Shimo la A.

"Ona vile anapenda gari ya mudogo yake!" mama mmoja alisema, na watu wakacheka kwa upole.

Yaya hakucheka. Alinitazama. Na mimi nilinyoosha mkono kupokea koleo la injinia.

Jumatatu masere alikuja na daftari. Aliketi, akaweka karatasi kwenye mashine, akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Leo asubuhi umekunywa nini, mwanangu?" Jibu lilikuwa neno la herufi nne. Mkono wa yaya ulianguka, vyuma vikaruka, vikakwama. Masere alivitenganisha kwa vidole, akapata wino. Mara ya pili. Mara ya tatu. Jasho lilimtiririka yaya mpaka kwenye kidevu.

"Ilikuwa inaandika!" kambo alisema. "Masere, nakuapia, iliandika chai iko moto!"

"Naamini, mama," masere alijibu, lakini alikuwa anafunga daftari. "Tutaona mwaka kesho."

Nilisimama mlangoni, koleo mfukoni. Neno moja langu lingetosha. Jirani angetoka nje, angeazima keekee, angetoboa lingine. Sikulisema. Huo mwaka kesho ulipofika, masere alikuwa amehamishwa, na mashine ilikuwa imekula kutu.

Siku hizi bomba kubwa halitoi moshi kama ule. King'ora kimenyamaza, na nyumba za kambi kila mtu amepaka rangi yake, huwezi kupotea tena. Watoto wanasukuma magari ya plastiki. Kambo, baba, jirani, wote wamekwenda, na jirani alikwenda akiamini kwamba siku moja walinzi walijua jina lake. Salongo hakuna, mifereji imeziba. Ukiniambia yale ya zamani yamekufa yote nitakubali, ila moja.

Yaya yupo. Anakaa kwangu, kwenye chumba kizuri kuliko vyote, na watu hunisifu kwa hilo. Chai yake naipoza mwenyewe, kikombe hadi kikombe, na hilo simwambii mtu.

Ijumaa mama wa binti alipata bamba lake. Nilikata mawili. La pili nililipeleka nyumbani nikaliweka juu ya mapaja ya yaya. Hakushangaa. Kiganja kilitafuta, kikalala, kikatulia, baada ya miaka yote hii, na kidole kikaingia shimo la kwanza la mstari wa juu. Chini yake hapakuwa na kitu, ila kitenge chake. Akainua macho, akangoja.

"Kesho, yaya," nilimwambia. "Kesho nitaleta kompyuta."

Hizo ni wiki tatu sasa. Dukani nina kompyuta kumi na nne, zote nzima. Kila jioni naingia nyumbani mikono mitupu, naye yupo barazani na bamba lake, kidole kiko palepale ndani ya A, ananitazama.